Jinsi ya kusuka barua ndani ya ukili

Wengi mkisikia sanaa ya dhana, yaani ile ambayo wazo ndo kazi yenyewe, mnaona ni mambo ya makumbusho ya Ulaya, sasa mie niko hapa Wete, Pemba, nakwambieni ukiwa na chane za ukindu za kusukia ukili (ule utepe wa kushonea mikeka), kalamu na baraza ya kukalia bas vifaa unavyo.

Alonifungua macho ni msanii Lee Mingwei, mzaliwa wa Taiwan 1964, kasomea mambo ya nguo na nyuzi Marekani, na utotoni alikuwa akienda kukaa na mtawa wa Kibudha wakati wa likizo. Mwaka 1998, bibi yake kashafariki na yeye bado ana mengi ya kumwambia, akatengeneza vibanda vitatu vya mbao, unaingia unamwandikia mtu barua ya shukrani, msamaha au radhi, kimoja unaandika umesimama, kimoja umekaa, kimoja umepiga magoti, mikao ya taamuli ya Kibudha hiyo. 2009 akaja na kazi ya kushona nguo za watu zilochanika, ila akimaliza uzi haukati, nguo inabaki imeungana na kigurudumu cha uzi ukutani. Dini yake sikuchukua, nna yangu, nlochukua ni ule utulivu na huo uzi usokatwa.

Kwanza mtafute bibi anaesuka mtaani kwenu, mwamkie, kaa nae japo wiki mbili usuke ukili mtupu, sanaa iweke pembeni kabisa. Hapa usiharakishe. Chane ikikauka sana inavunjika, inyunyizie maji kidogo. Ikikaribia kwisha pachika nyengine juu yake mapema na mkia uufiche chini, ukichelewa ukili unaacha tundu na bibi ataliona kabla yako, atakufumulisha pima nzima, nawe fumua tu. Mkono ukishazoea macho yanakuwa huru na kichwa kinatulia, hapo ndo barua inapokuja yenyewe.

Barua iandike kwa mtu mmoja tu. Mie mara ya kwanza nliandika kwenye karatasi nikaikata vipande nikasuka, yale maji ya chane yakailowesha, wino ukasambaa na maneno ya kumuomba radhi marehemu babu yangu yakapotea yote, niliumia sana. Tumia shuka kuukuu ya pamba, chana upana sawa na chane, andika kwa wino usotoka, ukauke siku nzima. Aya za Qur'ani wala jina la Mungu usitie, ukili unaweza kuja kuwa mkeka na mkeka unakaliwa.

Halafu onesho. Toka barazani baada ya alasiri, suka kimya mpaka karibu na magharibi, pembeni weka kalamu na vipande vya kitambaa vitupu. Anaetaka atakaa, ataandika lake, atakupa ulisuke, usimuulize kaandika nini na simu usimuelekezee. Kama ni sehemu ya watu wengi mwambie sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, mapema. Watoto watakuja kwanza, wape nafasi, wao wanaandika kweli.

Magharibi ikiadhiniwa usikate wala usifunge mwisho. Acha chane zimening'inia, zungusha ukili uwe mduara, weka juu pasipo unyevu maana masika unaota ukungu, na kesho endelea pale pale ulipoachia.