Unataka wanajeshi wa Marekani walinde mpaka badala ya kwenda ng'ambo? Anzia hapa

Kama unabishana na watu kuhusu hii ishu anza na sheria kwanza, maana wengi wanarukia bunduki tu. Kuna sheria ya 1878 inaitwa Posse Comitatus, inazuia jeshi kufanya kazi ya polisi bila idhini ya kisheria, so askari aliyetoka Iraq huwezi tu kumweka mpakani na Mexico akamate watu. Mpe kazi za nyuma: kukaa kwenye kamera, kurusha helikopta, kutengeneza barabara na fensi, ili polisi wa mpakani wenyewe watoke ofisini waende doria. Ndo Rais George W. Bush alivyofanya 2006 hadi 2008 na National Guard (askari wa akiba wa majimbo), walifika kama 6,000 hivi.

Halafu usimpeleke komando kama alivyo, mfundishe upya kabisa. 1997 kule Redford, Texas, marine (askari wa jeshi la wanamaji la Marekani) waliojificha vichakani walimpiga risasi wakamuua kijana wa miaka 18, raia wa Marekani, na alikuwa anachunga mbuzi zake tu jamani. Baada ya hapo doria za hivyo zikasimamishwa.

Zamu nazo pigia hesabu, mpaka una kilomita 3,100 hivi, na mtu aliyemaliza mwaka ng'ambo anataka kwanza kuwaona wanawe.