Gari kubwa la mkononi: lipime umeme likiwa limelala

Nimeshika waya za magari kwa miaka kumi na tisa, na magari yanayonipa kazi kuliko yote ni haya makubwa ya familia: viti saba, mlango wa nyuma unaojifungua wenyewe, kiti kinachokumbuka mgongo wa dereva. Injini zake mara nyingi huwa nzima kabisa. Kinachoyaleta kwangu, tena yakivutwa kwa kamba, ni umeme. Na mwenye gari akishuka tu huwa na neno lilelile: "Fundi, siku nalinunua halikuwa na shida hata moja."

Namwamini. Siku ile alilikuta liko macho. Alifika saa nane mchana, muuzaji kaliosha, kaliwasha, kiyoyozi kinapuliza, redio inaimba. Betri ikishachajiwa nusu saa na alteneta, hata gari lenye ugonjwa mkubwa litaonekana zima. Ndiyo maana mtu akiniomba nimsindikize kukagua gari la mkononi, yaani lililokwisha kutumiwa na mwingine, sharti langu ni moja: tulikute limelala.

Mpigie muuzaji jioni, mwambie unakuja asubuhi na mapema na usingependa liwashwe kabla hujafika. Ukifika, salamu kwanza, kisha kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, kuna kitu umeshafichwa. Wengine wataendelea na ukaguzi; mimi huomba kurudi kesho yake.

Unahitaji mita ya kawaida ya umeme, tochi na kikombe cha maji. Kikombe tutakifikia.

Anza na betri. Uliza iko wapi, kwa sababu kwenye magari haya si lazima iwe mbele. Nyingi hukaa chini ya kiti au pembeni mwa buti. Ukishafungua mlango umeliamsha gari, kwa hiyo acha dakika chache taa za ndani zizime, ndipo upime. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 imebakiza kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ujue haina kitu. Mwambie mwenzio apige stata huku jicho lako likiwa kwenye mita: isishuke chini ya 9.6 hivi. Likishawaka, utarajie kati ya 13.8 na 14.7.

Hapo kwenye kuchaji, tahadhari. Magari mengi ya miaka ya karibuni alteneta yake inaongozwa na kompyuta, na betri ikijaa inapunguza kazi ili kuokoa mafuta. Unaweza kuona 12.8 ukadhani alteneta imekufa. Washa taa kubwa, feni mpaka mwisho na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Ikipanda, iko salama. Isipopanda, ndipo uanze kuuliza maswali. Kisha zungusha mita hadi kwenye volti zenye alama ya wimbi, ushike betri palepale injini ikiunguruma. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna dayodi, kile kijisehemu kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, imekufa ndani ya alteneta, na dayodi mbovu hunyonya betri usiku kucha hata kama mchana inachaji vizuri.

Tazama pia aina ya betri. Gari lenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni linataka betri ya kuhimili kuchajiwa na kunyonywa mara nyingi, kwa kawaida iliyoandikwa AGM au EFB. Ukikuta ya kawaida, mtu alibana matumizi, na haitadumu.

Sasa kipimo chenyewe, ambacho wanunuzi wengi hawakijui. Gari likizimwa na kufungwa, kompyuta zake huenda kulala moja baada ya nyingine, na zikilala zote linapaswa kunywa ampia 0.05 au chini ya hapo. Magari mengine hulala baada ya robo saa, mengine dakika arobaini. Njia safi ni mita ya kubana inayoweza kusoma mkondo mdogo wa betri: unaibana kwenye waya wa hasi, hufungui chochote. Ukiwa na mita ya kawaida itabidi uichomeke kati ya betri na waya wa hasi, kwenye tundu la ampia 10, kwa ruhusa ya mwenye gari, na wakati huo mtu asiguse swichi wala stata, la sivyo fyuzi ya mita inaungua. Sukuma komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa. Funguo za kielektroniki zipeleke mbali, maana zikiwa karibu nyingine haziliachi gari lilale. Halafu kaeni mpige soga.

Kwa nini nasumbukia namba ndogo namna hiyo? Chukua gari linalokunywa nusu ampia, lenye betri ya saa-ampia 70. Kwa siku moja linanyonya 12, siku tatu 36, yaani zaidi ya nusu ya betri. Mwenyewe atakwambia bila kusema uongo kwamba analitumia kila siku na halijawahi kumsumbua. Wewe utasafiri Ijumaa, ukirudi Jumatatu unatafuta wa kukusaidia kuliwasha.

Moja nililoletewa lilikuwa linakunywa ampia 0.8 usiku kucha. Sikuchomoa fyuzi, kwa sababu ukichomoa na kurudisha unaziamsha kompyuta upya. Nilipima tofauti ndogo ya volti juu ya kila fyuzi, kwenye vile vitundu viwili vya chuma mgongoni mwake, mpaka nikafika kwenye zile za nyuma. Nikafungua mlango wa buti na kuvuta ule mpira mweusi uliokunjamana unaopitisha waya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Ndani yake waya nne zilikuwa zimepasuka ngozi palepale zinapokunjwa, na mmoja umebaki na unyuzi mmoja wa shaba. Waya huo ndio unaoipasha kompyuta habari kwamba buti limefungwa. Kwa hiyo usiku mzima gari lilidhani buti liko wazi, na likakesha.

Mlango wa nyuma wa gari la aina hii ni mzito na unafunguliwa maelfu ya mara. Uvute mpira huo wewe mwenyewe, uchungulie kwa tochi. Kisha fungua na kufunga huku mwenzio akiangalia taa ya namba, waipa ya nyuma na kamera ya kurudi nyuma. Kamera ikikatika katikati ya safari ya mlango, umepata jibu. Bahati nzuri, hili linatengenezeka.

Maji ni habari nyingine. Dirisha la paa lina mifereji midogo kwenye pembe zake, nayo inashuka ndani ya nguzo za bodi mpaka chini ya gari. Majani na vumbi vikiiziba, maji yanageuka na kuingia ndani, yanateremka hadi kwenye kapeti. Na wabunifu wa magari haya, sijui walikuwa na haraka gani, wamezoea kuweka visanduku vya kompyuta chini ya kiti au chini ya kapeti hilohilo. Juu utaona pakavu. Chini kuna sponji nene inayoshika maji wiki nzima na zaidi.

Najua kwa sababu liliwahi kunikuta mimi. Nilinunua la kwangu wakati wa kiangazi, nikapima betri, nikapima kuchaji, nikajiona bingwa. Mvua zilipoanza, waipa zikawa zinajiwashia zenyewe, na asubuhi moja nikakuta vioo viwili vimeshuka usiku. Nilipofunua kapeti upande wa abiria nilikuta kisanduku kimekaa kwenye maji, pini zake zimeota unga wa kijani kama shaba ya msikitini iliyosahauliwa. Mganga hajigangi. Fundi umeme wa miaka yote hiyo, na sikuwa nimeinama kubonyeza kapeti.

Basi wewe inama. Bonyeza kwa ngumi miguuni pa dereva, pa abiria, na nyuma kabisa kwenye safu ya tatu, kisha nusa mkono. Marashi makali ndani ya gari yananipa wasiwasi kuliko harufu ya mbwa. Sasa kile kikombe: ukiruhusiwa, fungua dirisha la paa, mimina maji kidogo kwenye mfereji wa kila pembe, na uchungulie chini. Yakidondoka ardhini, vizuri. Yakijaa na kusimama juu, usiongeze. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Gari lililozama kwenye mafuriko mara nyingi huacha mstari wa tope pale ambapo muosha magari hafiki. Angalia bolti za viti kama zina kutu. Chini ya viti utaona plagi za rangi ya njano: hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, usizichomoe wala usiziguse kwa mita.

Kuhusu waya za watu, yaani vitu vilivyoongezwa baadaye: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, taa za juu ya paa, mota ya kujivuta kwenye tope, muziki, soketi ya trela. Sipingi kuongeza. Napinga waya uliochomekwa pembeni mwa fyuzi na kuzungushwa tepu inayonata vidole. Fungua sanduku la fyuzi ulinganishe na mchoro wa kifuniko. Kwa kawaida ampia 10 ni nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Ukikuta ya kijani mahali kifuniko kinaposema 15, kuna mtu alichoka kubadilisha fyuzi zinazoungua, akaamua kuunguza waya badala yake. Hapo mimi hurudisha funguo, sijadiliani bei.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, usiisahau, ni kazi ya dakika mbili. Kanyaga breki, washa indiketa. Taa ya breki ikikonyeza pamoja na indiketa, ethi ya taa hiyo imelegea au ina kutu. Kwa ethi kubwa, weka mita kati ya hasi ya betri na chuma cha injini huku stata inapigwa: 0.2 ni sawa, nusu volti ni kutu. Marekebisho yake ni rahisi, lakini ukilitaja kwa muuzaji linapunguza bei.

Halafu soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, inakochomekwa mashine ya kusoma hitilafu za gari. Marekani iliilazimisha kwa magari yote madogo na ya familia kuanzia modeli za 1996, na leo imeenea kila mahali. Tatizo ni kwamba mashine ndogo za bei nafuu nyingi husoma kodi (alama za hitilafu) za injini tu, zinazoanza na P. Magonjwa ya magari haya yanajificha kwenye B za bodi, C za chasisi, na U, ambazo maana yake ni kompyuta kushindwa kuongea. Azima mashine kamili. Usishtuke ukikuta U nyingi kwa mkupuo: betri ikiwahi kuzimika, zinajaa. Zifute kwa ruhusa, endesheni, usome tena. Zinazorudi ndizo za kweli. Mashine ikikuonyesha majaribio mengi ya injini "hayajakamilika", basi kodi zilifutwa juzijuzi au betri ilichomolewa. Muulize kwa nini, kisha unyamaze usikilize.

Kabla ya kupiga stata, washa swichi tu. Taa za eabegi, ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) na injini lazima ziwake, na ile ya eabegi izime baada ya sekunde chache. Ile ambayo haiwaki kabisa inanitisha kuliko ile isiyozima, maana huenda kuna mtu aliiua ili kuficha hitilafu.

Vitufe vyote bonyeza, vya safu ya tatu pia. Kama lina springi za hewa, litazame asubuhi kabla halijawashwa: kona iliyolala chini inavuja, kompresa inafanya kazi mara mbili, na rilei yake, ile swichi inayoiwasha kwa umeme, itaungua. Fuata maelekezo ya kitabu uingize gia ya chini ya magurudumu manne. Mota yake hukwama kwa kutotumika. Mwisho endesheni mpaka lipate moto, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Stata iliyochoka hukataa likiwa na joto.

Lile langu nililitengeneza, nikalitumia miaka miwili, nikaliuza. Kijana aliyekuja kulinunua alikuwa ameanza kupiga teke matairi. Nikamwita upande wa abiria, nikamwambia, "Mdogo wangu, bonyeza hapa kwanza."