Tezi ya thairoidi ikipoa: kupimwa, kusoma majibu na kumeza dawa ikufae

Mwezi wa saba Arusha kila mtu amevaa sweta, kwa hiyo kusikia baridi peke yake si dalili ya kitu. Ya kukushtua ni baridi isiyokuacha hata Januari, jua la Moshi linawaka, wenzako wanajipepea na wewe bado umejitanda kitenge. Baridi hiyo ikifuatana na uchovu usioisha hata ukilala, choo kigumu, ngozi inayopauka hata ukipaka mafuta, nywele zinazobaki kwenye kitana, uso uliojaa asubuhi, sauti ya kukwaruza, hedhi nzito, au uzito unaopanda na huku huli kuliko zamani, ipo sababu ya kupima tezi ya thairoidi.

Tezi hii imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inatengeneza homoni ya thairoksini, inayopanga kasi ya mwili mzima. Homoni ikipungua, yaani tezi ikipoa, kila kitu kinakwenda polepole: mapigo ya moyo, utumbo, fikra, mpaka kushika mimba.

Wengi huchelewa kugundulika kwa sababu dalili hizi zinafanana na mengine. Mtu anaambiwa ana malaria, mara taifodi, mara UTI, anameza dozi baada ya dozi. Kumbuka jambo moja: thairoidi iliyopoa haileti homa. Ukishatibiwa "malaria" mara ya pili au ya tatu bila joto kupanda na bila kipimo kuonyesha vijidudu, acha kununua dawa ukapime kitu kingine. Vivyo hivyo kwa lehemu iliyopanda bila sababu, upungufu wa damu usioisha, au sonona isiyosikia dawa.

Wanaopaswa kupima mapema ni wanawake waliojifungua ndani ya mwaka mmoja, waliofanyiwa upasuaji wa goita au kutibiwa kwa madini ya iodini yenye mionzi, wenye kisukari cha aina ya kwanza, wanaotumia lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili) au amiodaroni (dawa ya mapigo ya moyo), na waliopata dawa za kifua kikuu sugu zenye ethionamidi. Kwa hiyo mgonjwa aliyetibiwa kifua kikuu sugu pale hospitali ya Kibong'oto na sasa anazidi kuchoka, alieleze hilo kwa daktari. Na usidanganywe na shingo. Goita inaweza kuwapo na homoni zikawa sawa, na shingo ikawa laini kabisa huku tezi imekwisha nguvu.

Kupima

Vipimo ni viwili vya damu: TSH na FT4. TSH inatoka kwenye ubongo na kazi yake ni kuiamsha tezi. Tezi ikizembea, TSH inapanda. FT4 ni homoni yenyewe ya tezi iliyo kwenye damu. Ultrasaundi ya shingo haionyeshi kama tezi inafanya kazi, kwa hiyo kama hakuna uvimbe usianze na gharama hiyo.

Moshi kuna KCMC na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi. Arusha kuna Mount Meru na ALMC. Popote uendapo, uliza dirishani kabla ya kutoa damu: kipimo kinafanyika hapo hapo au sampuli inasafirishwa? Majibu yanatoka lini? Bima yako inalipia? Si lazima uende na njaa. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, viache siku mbili kabla, maana vinaweza kupotosha majibu. Na kama umelazwa na ugonjwa mwingine mkali, subiri upone kwanza. Mwili ukiwa taabani namba hizi huyumba.

Karatasi ya majibu ina safu mbili muhimu: namba yako, na kando yake kiwango cha kawaida cha maabara ile. Kwa TSH mara nyingi ni kati ya 0.4 na 4.0. Soma zote mbili pamoja.

TSH juu na FT4 chini: tezi imepoa, dawa inaanza. TSH juu kidogo, tuseme 6, na FT4 ya kawaida: usikimbilie dawa, rudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, na ikiwezekana upime kingamwili za TPO. Hizo zikiwapo, chanzo kinaelekea kuwa Hashimoto, yaani kinga ya mwili inashambulia tezi. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. TSH ikivuka 10, au ukiwa mjamzito, dawa kwa kawaida haisubiri.

Hali ya tatu ndiyo hupitwa zaidi: FT4 iko chini, lakini TSH nayo iko chini au inaonekana ya kawaida. Hapo kosa liko kwenye tezi ndogo ya ubongoni. Mwanamke aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, akakosa maziwa na hedhi isirudi, asomewe majibu kwa jicho hili. Ni lazima kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, iangaliwe kwanza, kwa sababu kuanza na thairoksini peke yake kunaweza kumwangusha vibaya.

Dozi

Dawa ni levothairoksini, ile ile homoni ambayo tezi imeshindwa kutengeneza. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo, dozi kamili ni takribani mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 anafikia 96, kwa hiyo daktari huandika 100. Mzee au mwenye moyo dhaifu huanza na 12.5 au 25, akipandishwa taratibu.

Angalia vipimo kwenye pakiti. Miligramu 0.1 ni sawa na mikrogramu 100. Cheti kikiandikwa 0.05 mg na ukapewa vidonge vya mikrogramu 25, unameza viwili. Hesabu hii ifanyeni pamoja na mfamasia kabla hujaondoka kaunta. Maduka ya dawa muhimu ya vijijini mara nyingi hayana dawa hii, basi chukua ya miezi miwili au mitatu ukiwa mjini, hasa kama Desemba unapanda kula sikukuu migombani. Iache kwenye pakiti yake, mbali na jua na mvuke wa jikoni.

Kumeza

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibika. Mtu anakuja TSH yake bado ni 15, anaongezewa dozi, anarudi tena haijashuka. Kabla ya kuongeza, aulizwe asubuhi yake inakwendaje. Kidonge kiko kiganjani, kikombe cha chai ya maziwa mezani, anameza kwa funda la kwanza. Kalsiamu ya maziwa inaing'ang'ania dawa tumboni na nyingi inapita bila kuingia kwenye damu. Kahawa inafanya vivyo hivyo, na uji wa lishe wenye soya nao. Dozi haikuwa na kosa.

Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha subiri dakika 30 mpaka saa nzima. Kidonge saa 11:30 alfajiri, chai saa 12:30. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kutuliza asidi vikae mbali kwa saa 4. Omeprazo, dawa ya vidonda vya tumbo, nayo hupunguza unyonyaji, basi mwambie daktari kama unaitumia. Asiyeweza asubuhi ameze wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya chakula. Wakati wa Ramadhani hii huwa rahisi kuliko kuwahi kabla ya daku. Chagua saa moja uishike kila siku.

Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Dawa hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha kwa siku kama 7, kwa hiyo siku moja haitakuangusha. Ila kwa sababu hiyo hiyo usitegemee nafuu Jumatatu kwa kidonge cha Jumapili. Nafuu huanza baada ya wiki 2 au 3, na TSH hurudiwa baada ya wiki 6 mpaka 8. Siku ya kutoa damu, meza kidonge ukishatolewa. Namba zikitulia, kipimo kimoja kwa mwaka kinatosha. Ukijisikia mzima usiache. Umekuwa mzima kwa sababu ya kidonge.

Ukianza rifampisini ya kifua kikuu au dawa za kifafa kama fenitoini, mwili utaimaliza dawa haraka zaidi, na dozi itahitaji kupanda.

Ujauzito

Kipimo kikionyesha una mimba, usingoje siku ya kliniki. Mahitaji huongezeka mapema, na ubongo wa mtoto unategemea homoni yako miezi ya mwanzo. Madaktari wengi hushauri kuongeza vidonge viwili kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, mpaka upimwe; kubaliana na daktari wako hilo kabla hujashika mimba. TSH ipimwe kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Fefo (vidonge vya kuongeza damu) unayopewa kliniki imeze mchana, kamwe si pamoja na thairoksini. Ukishajifungua, dozi hurudi ya zamani. Mtoto mchanga mwenye manjano isiyoisha, choo cha shida, ulimi mkubwa na kilio cha kukwaruza apimwe mara moja, kwani kuanza dawa ndani ya wiki 2 huokoa akili yake.

Chakula

Tumia chumvi yenye iodini, uifunike, uitie mboga zikikaribia kuiva. Magadi hayachukui nafasi yake. Lakini chumvi hiyo haitibu Hashimoto, na matone ya iodini yanayouzwa mitaani yanaweza kuizidisha. Kabichi na mihogo iliyopikwa kula kwa kiasi bila hofu.

Moyo ukianza kwenda mbio, mikono ikitetemeka na usingizi ukikimbia, dozi imezidi, rudi upimwe. Maumivu ya kifua hayasubiri miadi. Wala asisubiri mgonjwa aliyeacha dawa kwa miezi, sasa mwili umepoa kwa kuguswa, anasinzia mchana, anachanganya maneno na anapumua polepole. Mfunikeni blanketi bila chupa za maji ya moto, mkampeleke hospitali usiku huo huo.