Hatifungani zinazofuata mfumuko wa bei: zinavyofanya kazi, zinavyotozwa kodi, na namna ya kujikinga tusipokuwa nazo

Malipo ya minada ya korosho yanapokwisha kuingia benki, mjomba wangu wa Newala huniuliza swali moja: fedha hii nikiikopesha serikali kwa miaka 20, siku itakaporudi itanunua bati ngapi? Naliona kuwa swali zito kuliko lile la kiwango cha riba, kwa sababu sisi tuliokuwa na familia mwaka 2011, mfumuko wa bei nchini Tanzania ulipofika karibu asilimia 20 mwezi Desemba, tunajua noti zinavyoweza kubaki zilezile huku kapu likipungua.

Ziko hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali, zilizotungwa kwa ajili ya swali hilo. Marekani ilianza kuziuza Januari 1997, nazo hujulikana kwa kifupi kama TIPS na hutolewa kwa miaka 5, 10 au 30. Katika hatifungani ya kawaida mtaji hausogei. Katika hizi, mtaji wenyewe hupandishwa au kushushwa kwa kufuata faharisi ya bei za mlaji, yaani kipimo cha jinsi bei za madukani zinavyopanda au kushuka, na riba, ambayo kiwango chake hakibadiliki, hulipwa kila miezi 6 juu ya mtaji uliokwisha kurekebishwa. Zikiiva, yaani muda wake ukiisha, mwenye nazo hupewa mtaji uliorekebishwa au ule wa awali, wowote ulio mkubwa.

Chukua dola 1,000 kwa riba ya asilimia 2, katika mwaka ambao bei zimepanda asilimia 3. Mtaji ukifika 1,015 katikati ya mwaka na 1,030 mwishoni, riba itakuwa dola 10.15 kisha 10.30, yaani 20.45 kwa mwaka mzima. Hapo ndipo kodi inapoingia, na ndipo wengi wanapojikwaa: serikali kuu ya Marekani hutoza kodi ya mapato ya mwaka huohuo juu ya riba na pia juu ya zile dola 30 zilizoongezeka kwenye mtaji, ingawa mwekezaji hatazishika mpaka hatifungani iive au aiuze. Anayetozwa asilimia 22 atalipa takriban dola 11.10 kutoka katika 20.45 alizopokea. Mfumuko ukiwa asilimia 8, kodi itafika kama dola 22.26 ilhali riba ni 21.20, hivyo atatoa fedha mfukoni kulipia ongezeko ambalo bado hajalipwa. Ndiyo maana Wamarekani wengi huziweka hatifungani hizi ndani ya akaunti za uzeeni, ambako kodi huahirishwa. Kodi ya mapato ya majimbo, kwa upande wake, haizigusi. Uingereza, iliyoanza kuuza za kwake mwaka 1981, haimtozi mtu binafsi kodi kwa ongezeko la mtaji, bali kwa riba tu, na kwa maoni yangu huo ndio utaratibu wa haki, kwa kuwa kurudishiwa thamani iliyoliwa na bei si faida.

Hatifungani za serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mtwara mjini, hazifuati mfumuko wa bei. Riba yake imefungwa, hulipwa kila miezi 6, na mtaji hurudi kama ulivyoandikwa. Kiwango cha chini ni shilingi milioni 1, na maombi hupitia benki ya biashara au dalali aliyeidhinishwa, ambaye pia humfungulia mwekezaji akaunti ya kutunzia hatifungani. Kuhusu kodi, riba ya hatifungani ya miaka 2 hukatwa kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla riba haijakufikia, ya asilimia 10, ilhali za muda mrefu zimekuwa na msamaha. Hata hivyo, uliza kabla ya kila mnada, kwa sababu sheria ya fedha hupitishwa upya kila mwaka.

Kinga, basi, utaijenga mwenyewe. Tuseme umeweka milioni 10 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12.10, kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2022 kwa baadhi ya matoleo. Utapokea 605,000 kila nusu mwaka, yaani 1,210,000 kwa mwaka. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, milioni 10 zitakazorudi zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban milioni 4.56. Kwa hiyo, kabla ya kutumia riba, tenga 400,000, ambazo ni asilimia 4 ya mtaji, na utumie 810,000. Fedha iliyotengwa ikipata riba ileile, mwaka wa pili mtaji wa milioni 10.4 utazaa 1,258,400. Ukitenga 416,000, zinabaki 842,400, ambazo zimezidi 810,000 kwa asilimia 4 kamili. Riba za minada ijayo zinaweza kuwa juu au chini, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Kiwango cha kutenga kichukue kwenye taarifa ya mfumuko wa bei ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu huitoa kila mwezi. Kwa kuwa kapu la taifa si kapu la nyumba yako, andika pia bei za bati, saruji na unga mahali unaponunua, kila riba inapoingia, na kama hizo zimepanda zaidi, tenga kwa kufuata hizo. Kilichotengwa kikifika milioni 1, kipeleke kwenye mnada unaofuata.