Kubandua Saruji na Kupiga Lipu ya Chokaa kwenye Nyumba ya Mawe ya Lamu

Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na ukuta huo hunyonya unyevu kutoka ardhini kisha ukauachia hewani. Saruji ikipakwa juu yake, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hurundikana nyuma ya lipu, na baada ya masika kadhaa lipu hubanduka kwa mabamba ikiwa imeshika uso wa jiwe lenyewe. Ukuta uliofikia hali hiyo nautengeneza hivi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta maji yanatoka wapi. Chunguza birika ya chooni, mlizamu wa darini unaotoa maji ya mvua, na kifusi kilichorundikana nje hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani, kwa sababu lipu mpya haitadumu iwapo chanzo kimeachwa.

Hatua ya pili, bandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo ukianzia ukingoni palipokwisha kuachia. Jiwe la matumbawe ni laini; nyundo kubwa hulivunja. Uache ukuta wazi kwa wiki kadhaa, na shura, yaani unga mweupe wa chumvi, inayojitokeza uipanguse kwa brashi kavu na kuikusanya, wala usiioshe kwa maji, kwani itayeyuka na kurudi ndani.

Hatua ya tatu ni chokaa, na hapa sikubali haraka. Chokaa huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi, ilhali saruji huhitaji takriban 1,450, na chokaa inapoiva ukutani hufyonza tena sehemu ya hewa ya kaboni iliyoitoa ilipochomwa. Usivunje matumbawe hai kwa ajili hiyo. Mawe ya nyumba zilizoanguka yanatosha kwa kazi hiyo. Kuiivisha, jaza maji kwenye pipa la chuma, uvae miwani na glavu, kisha tia chokaa iliyotoka tanurini ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya chokaa, maana huchemka ghafla na kuruka machoni. Ichuje, ifunike kwa maji, uiweke miezi mitatu ukiweza, hadi iwe laini kama samli iliyoganda.

Hatua ya nne ni mchanga, sehemu tatu kwa moja ya chokaa. Wa ufukweni una chumvi ileile tunayoikimbia. Matuta ya mchanga ya Shela, kijiji cha kisiwani humo humo Lamu, nayo yasiguswe, kwa kuwa ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vinavyoulisha mji. Nunua mchanga wenye chembe kali, wa bara, uliooshwa.

Hatua ya tano, lowesha ukuta jioni ya kuamkia kazi na tena asubuhi. Rusha tabaka la kwanza kwa mwiko ili liingie kwenye viungo vya mawe, lisizidi milimita 10, kisha ulitundikie magunia mabichi, hasa upande unaopigwa na upepo wa kaskazi. Chokaa ikikaushwa na jua badala ya kuiva polepole hupasuka na kugeuka unga. Tabaka la pili lisubiri hadi la kwanza lisiingie ukucha.

Umalizie kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne, ukilowesha kila mara. Rangi ya mafuta itauziba ukuta upya.