Namna ya Kusoma kwa Sauti Historia ya Wachimbaji wa Makaa ya Mawe

Anayejitolea kuwasomea wazee barazani, hapa kwetu Ngamiani mjini Tanga, habari za migogoro ya wachimbaji wa makaa ya mawe, atangulize penseli kabla ya sauti. Apitie ukurasa mzima akipiga mstari chini ya silabi yenye mkazo, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na huhama neno linaporefuka: mGOdi huwa mgoDIni, SHImo huwa shiMOni. M ya mwanzo katika mgodi, mgomo na mchimbaji ni silabi kamili, itamkwe midomo ikiwa imefumbwa, bila kuongezewa u. Lakini katika mbao, zile zinazoshikilia paa la mgodi, m na b hutoka kwa pigo moja. Ng' ya kung'oa ni ya puani, ilhali katika ngazi g husikika.

Kisha atenganishe majina ya migogoro, maana kosa la hapa hupotosha historia yenyewe. Mwaka 1926 nchini Uingereza, wenye migodi waliwafungia nje wachimbaji waliokataa kupunguziwa mshahara na kuongezewa saa, na mgomo wa jumla wa siku 9 wa mwezi Mei ukaitishwa kuwaunga mkono. Kusema tu kwamba wachimbaji waligoma ni kuwatwisha uamuzi wa matajiri wao.

Huko Enugu, Nigeria, mwaka 1949, wachimbaji wa Iva Valley walikuwa katika mgomo baridi: walifika kazini wakafanya kazi polepole, wakidai malimbikizo ya malipo yao. Serikali ya kikoloni ikapeleka polisi kuondoa baruti mgodini, na tarehe 18 Novemba polisi hao wakawafyatulia risasi. Enugu, jina litokanalo na maneno ya Kiigbo yenye maana ya juu ya kilima, lisomwe polepole, kila irabu ikisikika. Akifika hapo msomaji atue, kwani huenda mzee mmoja akataka kuutaja mgomo wa makuli wa bandari yetu wa mwaka 1939, naye asikatizwe.

Idadi ya waliouawa Enugu, 21, isomwe kwa ukamilifu: watu ishirini na mmoja, wala si ishirini na moja, kwa sababu wanaohesabiwa ni watu.