Jinsi ya kutumia AI (akili mnemba) bila ya kuiachia kazi yote

Vijana wa Unguja na Pemba mnaotengeneza programu na kutunga mashairi, nisikilizeni kidogo. Kabla hujaiuliza AI andika mwenyewe kwanza, hata mistari mitano mibovu, maana ukianza na yake basi fikra zako zinafata njia yake tu na kutoka hapo kazi kweli.

Kwenye programu usikopi na kupesti tu. Soma mstari kwa mstari, usioufahamu usiuweke, na kila laibrari (msimbo uliokwisha tayarishwa na wengine) iliyokutajia katafute kama ipo kweli kwa sababu mara nyengine inabuni majina. Halafu ijaribu programu yako kwa mambo ya kwetu, kama ni tiketi za boti ya Pemba andika "saa moja asubuhi" uone, ikisoma 01:00 badala ya 07:00 abiria kakatiwa tiketi ya usiku wa manane na lawama zako wewe.

Shairi ndo zaidi jamani. Hesabu mizani (silabi) kwa vidole, 8 ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) 8 utao (nusu ya pili), AI hapo inakosea sana kwa vile haigawi silabi kama sisi. Na ukitaka Kipemba inakupa Kiswahili cha gazetini, kwa hiyo msomee mtu mzima wa Wete au Chake akusahihishe.